Washington Ilijua Nini Kabla ya Pearl Harbor?

Mjadala kuhusu kile ambacho serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ilikijua kabla ya tarehe 7 Desemba 1941 una umri unaokaribia kulingana na ule wa vita ambavyo Marekani iliingizwa siku hiyo. Jumapili hiyo, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi kwa saa za Hawaii, ndege zilizoruka kutoka meli sita za Japani za kubeba ndege zilishambulia bandari ya Pearl Harbor katika kisiwa cha Oahu, ambako Kikosi cha Wanamaji cha Marekani cha Pasifiki kilikuwa kimetia nanga. Katika mawimbi mawili, ndege zipatazo 350 zilizipiga manowari zote nane kubwa zilizokuwamo bandarini na kuua Wamarekani 2,403, ambao karibu nusu yao, watu 1,177, walifia ndani ya manowari moja tu, Arizona. Japani ilipoteza ndege 29.

Swali lililofuata lilikuwa rahisi kuuliza: ilikuwaje taifa lililokuwa likisoma barua za siri za adui wake likashambuliwa huku silaha zake zimefungiwa na askari wake wamelala? Jibu moja, ambalo limepata wafuasi katika kila kizazi tangu vita vyenyewe vikiendelea, ni kwamba Roosevelt na wasaidizi wake wachache walijua shambulio linakuja, wakaliacha lije ili wananchi wasiotaka vita wapandwe na hasira na kuvikubali. Tuhuma hiyo ni nzito kuliko ya uzembe, kwa kuwa inamweka rais katika nafasi ya mtu aliyewatoa kafara askari wake mwenyewe, na kwa hiyo inastahili kupimwa kwa ushahidi tu. Ugumu wa kuipima ni kwamba ndani yake huchanganywa madai matatu ambayo hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba serikali ilijua vita na Japani vimekaribia, jambo ambalo halina ubishi. La pili ni kwamba ilikuwa na taarifa zilizoonyesha kuwa Pearl Harbor ingeweza kulengwa, nalo ni kweli kwa kiasi kikubwa kuliko serikali ilivyokuwa tayari kukiri. La tatu, kwamba ilijua mahali na siku na ikanyamaza, ndilo linalobishaniwa, na mara nyingi hupewa nguvu ya kuazima kutoka kwa yale mawili ya kwanza.

Vita vilikuwa vikinyemelea kwa miezi mingi. Mwezi Julai 1941 majeshi ya Japani, ambayo tangu 1937 yalikuwa yakipigana nchini China, yaliingia kusini mwa Indochina, koloni la Ufaransa, na Marekani ikajibu kwa kuzuia mali zote za Japani zilizokuwa katika mamlaka yake, hatua ambayo kwa vitendo ilikata mafuta ambayo Japani ilitegemea kwa sehemu kubwa kutoka Marekani. Bila mafuta jeshi la wanamaji la Japani lingesimama ndani ya muda unaohesabika, na viongozi wa Tokyo wakajikuta kati ya kurudi nyuma China na kuteka visima vya mafuta vya Visiwa vya Mashariki vya Uholanzi, nchi ambayo leo ni Indonesia. Balozi Nomura Kichisaburo, akisaidiwa baadaye na mjumbe maalumu Kurusu Saburo, aliendelea kujadiliana na Cordell Hull, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mpaka tarehe 26 Novemba, Hull alipowakabidhi masharti yaliyoitaka Japani iondoke China na Indochina. Wanaomtuhumu Roosevelt huyaona masharti hayo kama mtego uliokusudiwa kuilazimisha Japani ipige. Hata hivyo, kundi la meli lililoongozwa na Admirali Nagumo Chuichi lilikuwa limekwisha kung'oa nanga katika ghuba ya Hitokappu, kaskazini mwa Japani ya wakati huo, kabla hati ya Hull haijafika Tokyo, likiwa na amri ya kurudi endapo mazungumzo yangefaulu. Mpango wenyewe, ambao Admirali Yamamoto Isoroku aliusukuma dhidi ya mashaka ya wakuu wake, ulikuwa umeandaliwa tangu mwanzoni mwa mwaka huo.

Kiini cha mjadala wote ni usomaji wa misimbo, yaani taratibu za kugeuza maandishi ya kawaida kuwa alama au tarakimu ambazo asiye na ufunguo hawezi kuzielewa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliwaandikia mabalozi wake kwa mashine ya umeme ambayo Wamarekani waliiita Purple, yaani zambarau. Mwezi Septemba 1940 kikundi cha jeshi la nchi kavu kilichoanzishwa na William Friedman, ambamo Frank Rowlett aliongoza kazi na mtaalamu wa hisabati Genevieve Grotjan akagundua mfuatano uliofungua njia, kilifaulu kuivunja siri ya mashine hiyo na kisha kutengeneza mfano wake bila mtu yeyote kati yao kuwahi kuiona ile ya asili. Ni mojawapo ya kazi kubwa za akili zilizofanywa katika vita vile. Taarifa zilizopatikana hivyo ziliitwa Magic, nazo zilisomwa na watu wachache mno: rais, mawaziri wa mambo ya nje, vita na wanamaji, pamoja na maofisa wakuu wanaohesabika, na nakala zilizungushwa mkononi ndani ya mikoba iliyofungwa, zikasomwa mbele ya mletaji na kurudishwa.

Usiri huo ulikuwa na sababu, kwa kuwa neno moja lingetosha kuifanya Japani ibadili mashine. Lakini uliwaacha gizani wale waliohitaji kuona. Mashine za kusomea Purple zilikuwapo Washington, Ufilipino na hata London, mikononi mwa Waingereza, ila Hawaii haikuwa nayo hata moja. Admirali Husband Kimmel, kamanda wa kikosi cha Pasifiki, na Luteni Jenerali Walter Short, aliyeongoza jeshi la nchi kavu lenye wajibu wa kuilinda bandari, walitegemea kile ambacho Washington ingeamua kuwapa, na katika miezi ya mwisho kabla ya shambulio kilikuwa kidogo sana. Hapo ndipo lawama iliyo ya haki inapoanzia, ingawa ni lazima kusema pia kwamba barua za Purple hazikuitaja Pearl Harbor hata mara moja kama mahali pa kushambuliwa. Nomura mwenyewe hakuambiwa. Jeshi la wanamaji la Japani halikuwaamini wanadiplomasia wake kwa siri hiyo, na mtu hawezi kusoma katika barua za balozi jambo ambalo balozi hakuandikiwa.

Kuna waraka mmoja, hata hivyo, ambao hauwezi kupuuzwa. Tarehe 24 Septemba 1941 Tokyo ilimwagiza konsuli wake wa Honolulu aigawe bandari ya Pearl Harbor katika maeneo matano na kuripoti manowari zipi zimo katika kila eneo, zipi zimefungwa gatini na zipi zimeegeshwa mbili mbili kwa kubanana. Ujumbe huo, uliotumwa kwa msimbo wa kikonsuli wenye hadhi ya chini kuliko Purple, ulinaswa, ukangoja zamu yake katika foleni, na tafsiri yake ikawa tayari Washington tarehe 9 Oktoba. Wajapani waliuliza habari za meli katika bandari nyingine pia, kama Manila na zile za mfereji wa Panama, lakini hakuna bandari nyingine iliyochorewa gridi ya namna hiyo, gridi ambayo manufaa yake ya wazi kabisa ni kwa rubani anayechagua shabaha. Maofisa wa ujasusi wa wanamaji waliuona kuwa ni mfano tu wa tabia ya Wajapani ya kukusanya kila undani, na hawakumpelekea Kimmel wala Short. Kimmel aliusoma miaka kadhaa baadaye, akiwa amekwisha kuvuliwa ukamanda, na alishikilia mpaka mwisho wa uhai wake kwamba angeuona mapema, angeziondoa manowari zake bandarini. Huenda alijipa sifa ya utambuzi ambao angeupata akiwa tayari anayajua matokeo. Haki yake ya kuuona haitegemei hilo.

Wala wazo la shambulio la anga dhidi ya Hawaii halikuwa geni. Mwezi Novemba 1940 ndege chache za Uingereza zilizoruka kutoka meli ya kubeba ndege zilizizamisha manowari za Italia ndani ya bandari ya Taranto kwa topido, yaani makombora yanayosafiri chini ya maji, na wanamaji wa dunia nzima, Wajapani wakiwamo, wakalichunguza tukio hilo kwa makini. Januari 1941 Frank Knox, Waziri wa Wanamaji, alimwandikia mwenzake wa vita, Henry Stimson, kwamba vita na Japani vikizuka huenda vikaanza kwa shambulio la ghafla la mabomu na topido dhidi ya Pearl Harbor. Mwezi huohuo Balozi Joseph Grew alituma kutoka Tokyo uvumi aliouletewa na mwanadiplomasia wa Peru kuhusu mpango wa namna hiyo, na wataalamu wa Washington wakaukataa. Mwezi Machi maofisa wawili waliokuwa Hawaii kwenyewe, Jenerali Martin na Admirali Bellinger, waliandaa ripoti iliyotabiri shambulio la alfajiri kutoka meli za kubeba ndege, ambalo lingeweza kufika bila onyo lolote. Ripoti hiyo ni mwiba kwa pande zote mbili, kwa kuwa inaonyesha kwamba hatari ilifahamika, na kwamba waliokuwa Hawaii waliifahamu vizuri kama waliokuwa Washington.

Katika siku kumi na mbili za mwisho matukio yalifuatana kwa kasi. Tarehe 25 Novemba Stimson aliandika katika shajara yake kwamba katika kikao na rais swali lilikuwa ni jinsi ya kuwafikisha Wajapani mahali pa kufyatua risasi ya kwanza bila Marekani kujiletea hatari kubwa mno. Sentensi hiyo imerudiwa na kila mwandishi wa upande wa tuhuma, na haipendezi hata ikisomwa kwa wema, ila muktadha wake ni msafara wa majeshi ya Japani uliokuwa ukielekea kusini, kwenye Malaya na Thailand, ambako Marekani isingeshambuliwa moja kwa moja na ambako rais aliogopa kwamba Bunge lake lingekataa kupigana. Siku mbili baadaye Admirali Harold Stark, mkuu wa jeshi la wanamaji, aliwatumia makamanda wa Pasifiki ujumbe uliosema wazi kwamba uhesabiwe kuwa onyo la vita, lakini akataja Ufilipino, Thailand, rasi ya Kra na Borneo kama shabaha zinazotarajiwa, na Hawaii haikutajwa. Short alipata onyo lake kutoka jeshi la nchi kavu, akadhani hatari kubwa ni hujuma za wakazi wenye asili ya Kijapani, akaamuru ndege zake zipangwe bawa kwa bawa katikati ya viwanja ili zilindwe kwa urahisi, kisha akaijulisha Washington kwamba amejiandaa dhidi ya hujuma. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Ndege hizo ziliteketea zikiwa zimepangwa vilevile.

Usiku wa tarehe 6 Desemba sehemu 13 za kwanza za jibu refu la Japani kwa masharti ya Hull zilikuwa zimekwisha kusomwa. Luteni Kamanda Alwin Kramer alizipeleka Ikulu, na ofisa kijana aliyempa Roosevelt mkoba huo aliieleza kamati ya Bunge mwaka 1946 kwamba rais, baada ya kusoma, alimgeukia mshauri wake Harry Hopkins na kusema, kwa maana yake, kwamba hii ni vita. Asubuhi iliyofuata ilikuja sehemu ya 14, iliyovunja mazungumzo, pamoja na agizo kwamba balozi aikabidhi hati saa saba kamili mchana. Saa hiyo ya Washington ilikuwa saa moja na nusu asubuhi Hawaii. Mkuu wa jeshi, Jenerali George Marshall, aliyekuwa ametoka kupanda farasi, alifika ofisini mwishoni mwa asubuhi, akasoma, akaandika onyo kwa makamanda wote. Mawasiliano ya redio ya jeshi na Hawaii yalikuwa mabovu asubuhi ile, na mtu wa zamu akaupeleka ujumbe kwa kampuni ya biashara ya telegramu, ambako haukuwekewa alama ya dharura. Ulifika Honolulu dakika chache kabla ya mabomu, ukabebwa na tarishi wa pikipiki katikati ya mji ulioshambuliwa, na ukamfikia Short saa kadhaa baada ya ndege za adui kuondoka. Mtu anayepanga njama ya kunyamaza hawezi kuwa na haja ya kuandika onyo kama hilo. Mtu mzembe tu ndiye anayeweza kulituma kwa njia hiyo.

Hawaii nayo ilipewa nafasi zake asubuhi ileile. Kabla ya saa moja manowari Ward iliizamisha nyambizi ndogo ya Kijapani karibu na mlango wa bandari na kutoa ripoti, na saa moja na dakika mbili askari wawili waliokuwa kwenye rada, chombo kinachogundua ndege za mbali kwa mawimbi ya redio, waliona kundi kubwa likitokea kaskazini, umbali wa zaidi ya kilomita 200, wakaambiwa na ofisa wa zamu wasijali, kwa kuwa ndege za Marekani zilitarajiwa kutoka California. Hakuna aliyewahi kudai kwamba ofisa yule alikuwa na maelekezo kutoka Ikulu.

Serikali ilijibu kwa namna iliyoichochea tuhuma yenyewe. Ndani ya siku kumi Kimmel na Short waliondolewa, na mwezi Januari 1942 tume ya Jaji Owen Roberts wa Mahakama Kuu iliwatia hatiani kwa kupuuza wajibu, bila kuwapa haki ya mshtakiwa ya kuwahoji mashahidi na bila wao kuonyeshwa taarifa za Magic. Wenye makosa walipatikana upesi, mbali na mji mkuu. Mwaka 1944 jopo la jeshi la wanamaji na lile la jeshi la nchi kavu, yaliyopata kuiona Magic, yalifika mahali tofauti kabisa: la kwanza lilimwondolea Kimmel hatia na kumlaumu Stark, na la pili, huku likimlaumu Short, lilimkosoa Marshall. Matokeo hayo yalifichwa mpaka Agosti 1945. Katika kampeni ya urais ya 1944 mgombea wa Republican, Thomas Dewey, alipata habari za kuvunjwa kwa misimbo na angeweza kuitumia siri hiyo dhidi ya Roosevelt, lakini Marshall alimwandikia kumsihi anyamaze kwa sababu Japani ilikuwa bado inatumia misimbo ile, na maisha ya wanajeshi yalitegemea hilo. Dewey alinyamaza, kitendo cha uzalendo ambacho hakikumletea faida yoyote. Kamati ya pamoja ya Bunge iliyokaa kuanzia Novemba 1945 hadi Mei 1946 chini ya Seneta Alben Barkley hatimaye iliyaweka wazi mambo hayo katika majalada 39 ya ushahidi. Wajumbe wengi hawakuona dalili kwamba rais aliichokoza au kuilaghai Japani, lakini maseneta Homer Ferguson na Owen Brewster walitoa ripoti yao ya wachache iliyowalaumu viongozi wa Washington, Roosevelt akiwa wa kwanza. Rais mwenyewe alikuwa amefariki Aprili 1945, na hapakuwa na wa kumhoji.

Kutoka katika majalada hayo kulizuka fasihi nzima ya tuhuma. Mwandishi wa magazeti John T. Flynn alikuwa ametangulia mwaka 1944. Mwanahistoria mashuhuri Charles Beard alifuata mwaka 1948 kwa hoja kwamba Roosevelt aliahidi amani hadharani huku akielekea vitani faraghani. Admirali Robert Theobald, aliyemsaidia Kimmel mbele ya tume ya Roberts, akadai mwaka 1954 kwamba habari zilizuiliwa kwa makusudi. Beard anapaswa kutenganishwa na wengine, kwa kuwa swali lake, kama rais katika dola la kidemokrasia anaweza kuwaelekeza wananchi vitani bila kuwaambia ukweli, ni swali halali hata kwa anayekataa kwamba bandari ilitolewa sadaka. Walioandika baadaye walihama kutoka kwenye siasa hadi kwenye misimbo. John Toland, mwaka 1982, alitegemea madai kwamba meli za Nagumo zilisikika redioni zikivuka bahari, na Robert Stinnett, mwishoni mwa miaka ya 1990, alitoa waraka wa Oktoba 1940 ulioandikwa na Arthur McCollum wa ujasusi wa wanamaji, uliopendekeza hatua nane za kuibana Japani na kusema kwamba ingekuwa afadhali zaidi kama hatua hizo zingeifanya ianze vita. Waraka huo ni wa kweli. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba Roosevelt aliuona, na kutoka maoni ya ofisa mmoja wa cheo cha kati hadi amri ya rais kuna pengo ambalo Stinnett alilivuka kwa kuruka.

Msimbo ambao ungeweza kuitaja Pearl Harbor ni ule wa utendaji wa wanamaji wa Japani, ambao Wamarekani waliuita JN-25. Ulikuwa kitabu cha maelfu ya maneno yaliyopewa namba za tarakimu tano, namba hizo zikaongezewa tarakimu nyingine kutoka jedwali linalobadilishwa mara kwa mara, kiasi kwamba kujua kitabu bila jedwali, au jedwali bila kitabu, hakumfikishi msomaji popote. Toleo jipya lilianza kutumika Desemba 1940, jedwali likabadilishwa tena zaidi ya mara moja katika mwaka 1941, na kufikia siku ya shambulio ni sehemu ndogo tu iliyosomeka. Vita vilipokwisha, wataalamu wa wanamaji waliurudia ule mrundikano wa jumbe za 1941 uliokuwa umehifadhiwa bila kusomwa, wakiwa sasa na funguo na wakati, na ndani yake wakakuta dalili za safari ndefu ya meli za kubeba ndege. Taarifa ilikuwapo kabatini, katika lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma kwa wakati. Ama kuhusu redio, Nagumo alisafiri kwa ukimya, na Wajapani waliacha nyumbani watumaji waliojifanya kuwa meli zake. Edwin Layton, ofisa ujasusi wa Kimmel, alimwambia mkuu wake siku chache kabla ya shambulio kwamba hajui baadhi ya meli hizo ziko wapi.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya tuhuma, hata hivyo, ni ya mantiki. Kama Roosevelt alihitaji Japani ipige kwanza, ilimtosha ipige na ishindwe, kwa kuwa kundi la Nagumo likikutwa na ndege zilizo angani na mizinga iliyojazwa risasi, tendo la vita lingekuwa lilelile na Bunge lingepiga kura ileile, manowari zikiwa salama. Vilevile adui aliyemhangaisha zaidi alikuwa Hitler, na mkataba wa Septemba 1940 kati ya Ujerumani, Italia na Japani haukuilazimisha Ujerumani kuisaidia Japani iliyoanza vita yenyewe. Hitler aliitangazia Marekani vita tarehe 11 Desemba kwa hiari yake, na hapakuwa na mtu Washington aliyeweza kuwa na hakika ya kitendo hicho kabla. Wanaosema kwamba meli za kubeba ndege ziliondolewa ili zisalimike husahau kwamba Enterprise ilitarajiwa bandarini tarehe 6 na ikacheleweshwa na hali mbaya ya hewa.

Roberta Wohlstetter, katika kitabu chake cha 1962 ambacho bado ni msingi wa uchunguzi wa aina hii, alieleza kwamba ishara za kweli zilifika zikiwa zimezungukwa na kelele, yaani wingi wa taarifa nyingine zilizoelekeza Ufilipino, Malaya, hata Siberia, na kwamba anayeangalia nyuma huziona ishara tu kwa sababu matokeo yamekwisha kuzichambua kwa niaba yake. Maelezo hayo ni sahihi lakini yanawahurumia mno waliohusika. Kelele hazikuzuia gridi ya bandari isipelekwe Hawaii. Watu ndio waliozuia. Na chini ya makosa yote kulikuwa na dharau, kwa kuwa maofisa wengi wa Marekani na Uingereza waliamini kwamba marubani wa Kijapani ni duni na kwamba taifa la Asia haliwezi kuendesha operesheni mbili kubwa kwa wakati mmoja, na imani hiyo iliwafunga macho kuliko msimbo wowote.

Tuhuma ilivuka pia Atlantiki. Mwaka 1991 James Rusbridger na Eric Nave, Mwaustralia aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa usomaji wa misimbo ya Kijapani upande wa Waingereza, walidai kwamba ofisi ya Uingereza ya ujasusi wa misimbo iliyokuwa Singapore ilisoma JN-25 na kwamba Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alimficha Roosevelt habari hizo. Historia iliyofuata ya ofisi hiyo inatoa kipimo kizuri. Ilihamia Colombo mwanzoni mwa 1942, na mwezi Machi ilifaulu kutambua kwamba kundi lilelile la Nagumo linakuja kuishambulia Ceylon. Admirali James Somerville aliarifiwa, akaziweka meli zake baharini kumsubiri adui tarehe 1 Aprili, adui hakuja, naye akaondoka kwenda Maldivi kujaza mafuta na maji huku akizituma baadhi ya meli zirudi bandarini. Nagumo alifika tarehe 5, siku ya Pasaka. Manowari Cornwall na Dorsetshire zilizamishwa siku hiyo, na Hermes, meli ya kubeba ndege, siku nne baadaye. Somerville alijua adui, mahali na takriban siku, na bado akapoteza. Kikosi chake kikarudi nyuma hadi Kilindini, na wasomaji wa misimbo wakahamishiwa Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram, ambako waliendelea kuzichambua jumbe za Kijapani mpaka waliporejea Colombo mwaka 1943.

Kwa Kimmel na Short mjadala haukuwa wa vitabu. Wote wawili walistaafishwa mapema 1942 kwa vyeo vya chini kuliko walivyovishika, na Kimmel alidai mahakama ya kijeshi ambako angewahoji washtaki wake hadharani, akaambiwa ingoje mpaka usalama wa taifa uruhusu. Sheria ya mwaka 1947 iliwaruhusu maofisa wa vita ile kurejeshewa katika orodha ya wastaafu vyeo vya juu walivyowahi kuvishika, na wao wawili wakaachwa nje. Short alifariki 1949, Kimmel 1968, na mahakama haikuitishwa. Mwaka 1995 uchunguzi wa Edwin Dorn, Naibu Waziri katika Wizara ya Ulinzi, ulikiri kwamba lawama haiwezi kuwaangukia wao peke yao na kwamba wengine wengi walishiriki, kisha ukapendekeza vyeo visirudishwe. Seneti ilipinga msimamo huo mwaka 1999 kwa kura 52 dhidi ya 47, na sheria ya mwaka 2000 ikamwomba rais awarejeshee vyeo vyao. Bill Clinton aliitia saini sheria hiyo lakini hakulitekeleza ombi, na waliomfuata wameliacha palepale.